Paukwa na Hodi: Mianzo ya Mrima

Upepo wa kusi ukivuma usiku kucha, asubuhi mchanga wa Ushongo, kusini mwa mto Pangani, huwa umetapakaa kokochi: vitunda vya mnazi vidogo, vyepesi, vilivyopukutika kabla ya kuwa kitu. Watoto huviokota kuchezea. Vilivyobaki juu vina jina kwa kila hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, hatimaye nazi. Methali ya "mwanzo kokochi, mwisho nazi" huku haihitaji mfafanuzi. Jibu linaning'inia mtini.

Ipo nyingine: "mwanzo wa ngoma ni lele." Wengi huielewa kwamba jambo kubwa huanza kwa dogo. Ni kweli, ila lele pia ni sauti ya mtu anayengoja wenzake. Asipoitikiwa, hakuna ngoma. Kwa watu wa pwani, kuanza ni kazi ya wawili.

Ndivyo ilivyo kwa hadithi. Bibi husema "Paukwa!", na hadithi haisogei mpaka walioketi mkekani waseme "Pakawa!" Wakiitikia kwa uvivu, hurudia. Sauti hiyo ilihamia hata kwenye filamu. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni, akizungumza juu ya sauti za waigizaji. Watazamaji wasiojua Kiingereza walipata mtu wa kuwashika mkono tangu picha ya kwanza. Ni usimulizi wa mkekani uliopata umeme.

Taarab nayo haina pupa. Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, onyesho hufunguliwa kwa bashraf, muziki wa ala tupu, watu wakae watulie kwanza. Tanga, kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilileta gitaa na besi. Humo ndimo ilimosikika sauti ya Shakila Saidi, na mashabiki wake walijua kumngoja.

Lakini mwanzo unaotumika kila siku kuliko yote ni "hodi". Mwenye adabu hupiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akikosa "karibu", hurudi alikotoka. Kizingiti hakivukwi kwa nguvu. Nani asiyelijua hilo?

Mwaka 1888 walikuja wasiolijua, au wasiolijali. Mwezi Aprili Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa Mrima, yaani pwani ya bara, kwa jina lake. Agosti, wakala wa kampuni mjini Pangani, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipepee, wenyeji wakapinga. Kilichowachoma zaidi ni habari ya msikitini: watu wake waliingia na mbwa, wakimsaka liwali wa Sultani. Vitabu vingi huanza kueleza vita vilivyofuata kwa mkataba na ushuru wa forodha, na ushuru ulikuwa na uzito wake. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini mji mzima ulichachamaa aanzie mlangoni mwa msikiti. Hodi haikupigwa.

Septemba watu wa Pangani wakamzingira Zelewski. Vita vikasambaa pwani, Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake mashuhuri. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, akavitungia vita hivyo utenzi: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa mwaka 1307 wa Hijria, yaani kati ya 1889 na 1890. Ulipigwa chapa mwaka 1955, kwa jitihada za J. W. T. Allen. Desturi ya watunzi wa tenzi wa zamani inajulikana. Mtunzi haanzi na habari yenyewe. Humtaja Mungu kwanza, akamsalia Mtume, kisha mara nyingi huita mtu amletee karatasi nzuri, wino na kalamu. Beti kadhaa huenda hivyo, mkono ukisubiri kuletewa vifaa, kabla bunduki ya kwanza haijalia.