Mswada Kabla ya Kuwa Sheria

Wengi hudhani ya kuwa sheria huzaliwa siku ile wajumbe wanapopiga kura. Sivyo. Mswada husomwa mara tatu, na katikati ya kusomwa huko huingia kamatini. Ndiko kila kifungu hushikwa peke yake, neno likaondolewa na jingine likatiwa. Barazani husemwa mengi kwa sauti kubwa. Kamatini husemwa machache, nayo ndiyo yabakiayo kitabuni.

Desturi hiyo ililetwa Dar es Salaam na Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana mara ya kwanza tarehe 7 Desemba, 1926, Gavana Donald Cameron mwenyewe akiwa mwenyekiti. Waliokaa humo walikuwa maofisa wa serikali, pamoja na Wazungu na Wahindi wachache walioteuliwa. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Alisemewa na maofisa. Basi mkaaji wa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa vita vya 1914, alitozwa kodi kwa sheria iliyopimwa kwa Kiingereza, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, wala hakuulizwa neno. Na mwendo ule si mrefu. Mtu huutembea kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Hata hivyo watu hawakunyamaza. Mwaka 1929 chama cha African Association kiliundwa, na nyumba yake ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ikawa baraza lisilo na kura. Mwaka 1945 wakateuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Wote wawili watawala wa bara. Kariakoo bado ilingoja.

Baada ya Uhuru ndipo nionapo badiliko kubwa. Mwaka 1969 Serikali ilitangaza mashauri yake juu ya ndoa kabla ya kuleta mswada, watu wakayajadili nchi nzima, wengine kwa hasira. Kisha Bunge, katika ukumbi wa Karimjee, likapitisha Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 1971.

Siku hizi Bunge huketi Dodoma, na kamati zake hualika maoni ya watu juu ya miswada. Mwenye duka wa Kariakoo atakaye kusikiwa huandika barua, au hupanda gari.