Kamera Iliyoletwa Nje ya Wakala: Waranti Ina Uzito Gani?

SWALI:
Kijana wetu anapiga picha za harusi. Anataka kununua kamera mpya kwa mfanyabiashara anayeleta mali kutoka Dubai. Bei ni nafuu kuliko ya wakala, lakini haina waranti ya kutumika hapa, na risiti zake zimeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, inajuzu kununua? Na tukikuta kasoro, hatuna haki tena?

JIBU:


Mali ya aina hii si feki, wala si lazima iwe ya magendo. Ni kamera ya kiwanda kile kile, ila ilikusudiwa soko la nchi nyengine. Kampuni za kamera kwa kawaida hufunga waranti kwa nchi au eneo la mauzo. Nikon ya Marekani, kwa mfano, haitengenezi kamera zilizoingizwa huko nje ya mkondo wake, hata mwenyewe akiwa tayari kulipa.

Hukumu ya kununua
Inajuzu, kwani asili ya biashara ni halali na waranti si nguzo ya mauzo. Lililo wajibu ni muuzaji kueleza ukweli. Akisema "ina waranti ya mwaka" na huku anajua kuwa haitambuliwi hapa, huo ni udanganyifu. Katika Hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimkemea muuzaji aliyeacha chakula kilicholowa chini ya rundo, wanunuzi wasikione.

Waranti na khiyari ya aibu
Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Waranti ni ahadi ya kiwanda au duka kutengeneza kasoro itakayotokea ndani ya muda fulani. Khiyari ya aibu ni haki ya kisheria: kasoro ikiwa ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa, inapunguza thamani, na mnunuzi hakuijua, ana haki ya kurudisha mali na kurudishiwa fedha zake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, maandishi yale ya risiti hayaondoi haki hiyo kwa kitu kama kamera. Mahanafi, hata hivyo, wamekubali sharti la muuzaji kujitoa katika aibu za mali.

Lakini haki hii ina masharti mazito. Mnunuzi arudishe mara tu anapogundua kasoro. Akiendelea kuitumia kamera, haki humpotea. Na wakibishana kama kasoro ni ya zamani au mpya, kwa Mashafi kauli ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake, mnunuzi asipokuwa na ushahidi. Hapo ndipo uzito wa waranti unapoonekana: ndani ya muda wake, kasoro ya kiwanda hutengenezwa bila ya kuulizana ilianza lini.

Nasaha kabla ya kulipa
1. Ijaribuni papo hapo: pigeni picha ya ukuta mweupe kutazama madoa, rikodini video, jaribuni betri na flashi.
2. Mulikeni lenzi kwa tochi. Unyevu wa visiwani huleta kuvu.
3. Linganisheni namba ya kamera na ya boksi.
4. Muombeni muuzaji aandike dhamana yake mwenyewe, hata ya mwezi mmoja. Aya ya kwanza ya Suratul-Maidah imeamrisha kutimiza mikataba, hivyo itamfunga.

Jueni pia kuwa hata waranti ya wakala kwa kawaida haihusu kuanguka, mchanga wala maji ya bahari.

Kwa kuwa kamera hii ndiyo riziki ya kijana, pimeni nafuu ya bei na gharama ya kuirudisha Dubai kwa matengenezo, pamoja na harusi atakazozikosa akiisubiri. Ikiwa nafuu hiyo haifidii, basi bei ya wakala ndiyo rahisi.

Wallahu a'lam.