NENO NA MAANA: Mzinga hauruki

Wiki hii nimesoma habari kwamba "mizinga miwili iliangukia kijiji". Hapana! Mzinga haurushwi. Hukaa chini ukarusha kombora. Jina lenyewe latukumbusha gogo lililochimbwa tumbo ili nyuki waingie. Chombo cha vita kikaitwa hivyo kwa kuwa nacho ni mviringo wenye uwazi. Tunaposema rais alipigiwa mizinga 21, tunahesabu milio, na hilo ni sawa.

Sehemu ndefu ya mbele ya mzinga ni mtutu. Utazame ule wa Königsberg, meli ya kivita ya Kijerumani, pale Fort Jesus, Mombasa. Baruti ikiwaka, gesi hulisukuma kombora. Pakiwa na mwanya kati yake na mtutu, gesi huvuja, kombora likapungua kasi na kuanguka karibu. Tufe za chuma za zamani zilifanywa ndogo kuliko tundu ili ziingie kwa urahisi, kwa hiyo gesi nyingi ilipotea. Kombora la kisasa limevishwa pete ya shaba, inayobana mifereji ya ndani ya mtutu na kuziba mwanya.

Pete isipoziba vizuri, gesi ya moto mkali hupita kwa kasi ikikwangua chuma. Hapo waandishi husema mtutu "umechakaa". Mkeka huchakaa, kanzu huchakaa. Mtutu hulika, kama kisu kwenye kinoo: chuma chenyewe hupungua, tundu likapanuka, na gesi ikazidi kuvuja.