Kahawa ya Hanoi, mtoto wa uhaba

Mwaka 1946 maziwa yaliadimika Hanoi. Ugomvi na Wafaransa ulikuwa unageuka vita kamili, na katika hoteli ya Metropole, inayopokea wageni wa kifahari tangu 1901, mhudumu wa baa aitwaye Nguyễn Văn Giảng alibaki na kahawa isiyo na cha kuitia. Akachukua viini vya mayai, akavipiga na sukari mpaka vikaumuka, akavimwaga juu ya kahawa nyeusi. Baadaye aliacha kazi hotelini akafungua mkahawa wake, Café Giảng, ambao leo uko Mtaa wa Nguyễn Hữu Huân, ndani ya kichochoro chembamba ambacho mgeni hukipita bila kukiona.

Kahawa ya yai huletwa kikombe kikiwa kimekaa ndani ya bakuli la maji ya moto, kwa sababu ikipoa yai huanza kunuka shombo. Juu ni povu zito la manjano, tamu kama krimu ya keki. Chini ni kahawa chungu kweli kweli. Wengine huanza na kijiko, wakala povu kwanza, wengine hukoroga yote pamoja. Mimi nawaunga mkono wa kijiko.

Kahawa yenyewe iliingia Vietnam na wamisionari wa Kifaransa, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1857. Mzungu alizoea kuinywa na maziwa mabichi, lakini ng'ombe wa maziwa walikuwa wachache na joto halikuwa na huruma. Ndipo maziwa mazito ya kopo yakashika nafasi, na hayajaiacha hadi sasa. Hutangulia ndani ya glasi, kisha juu ya glasi huwekwa phin, kichujio kidogo cha bati, nayo kahawa hudondoka tone kwa tone. Mwenye haraka atafute chai.

Sehemu kubwa ya kahawa hiyo ni robusta, mmea wenye asili ya misitu ya Afrika, Kongo ikiwemo. Ndiyo hiyo hiyo ambayo Wahaya wa Bukoba huitafuna. Uchungu wake ndio unaodai utamu wa kopo. Hulimwa zaidi katika nyanda za juu za kati, kuzunguka Buôn Ma Thuột, na kilimo hicho kina kisa chake. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na njaa ya kahawa lakini haikuwa na fedha za kigeni, ilikubaliana na Vietnam kugharimia mashamba ili ilipwe kwa mavuno. Mibuni haina pupa. Ilipoanza kuzaa sawasawa, nchi iliyoidai ilikuwa inafutika kwenye ramani. Vietnam ikabaki na mashamba, ikawa ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil.

Kabla ya mageuzi ya uchumi ya 1986, chakula Hanoi kilikuwa cha mgao na biashara binafsi ilibanwa. Hata hivyo mikahawa michache ilidumu. Café Lâm, mtaa ule ule wa Giảng, ilijaa michoro ukutani kwa kuwa wasanii wasio na pesa, akiwemo Bùi Xuân Phái, mchoraji mashuhuri wa mitaa ya mji mkongwe, walilipa deni la kahawa kwa picha. Picha za Phái leo ni mali ya thamani kubwa. Mkopeshaji yule alikuwa na jicho.

Kisha zikaja kampuni. Trung Nguyên ilianzishwa mwaka 1996, Highlands ikafuata. Starbucks iliingia nchini mwaka 2013 na Hanoi mwaka uliofuata, ikakuta watu wana kahawa yao na hawana shida na nyingine. Iliyowapata vijana ni Cộng Cà Phê, iliyozaliwa Hanoi mwaka 2007: kuta za kijani cha jeshi, vikombe vya bati, vitu vya enzi za mgao, na kahawa ya nazi yenye barafu. Mzee aliyepanga foleni ya sukari miaka ile anaona mjukuu wake akilipa bei nzuri kukaa ndani ya mfano wa dhiki yake. Ni biashara ya ajabu, lakini kahawa ya nazi ni tamu.

Februari 2019, Trump na Kim Jong Un walipokutana Hanoi, waandishi wa habari wa kigeni waligawiwa kahawa ya yai bure. Iliyowapikia ilikuwa Café Giảng, ambayo bado iko mikononi mwa familia ya Giảng.