Bunkeya, Tarehe 20 Desemba: Safari, Sherehe na Historia ya Katanga

Historia ya Katanga, jinsi inavyofundishwa mara nyingi, huanza na reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 na kuishia katika viwanda vya shaba. Yaliyotangulia hupewa saa moja au mbili, kisha hufungwa. Kwa sababu hiyo tuliona vema kuwatoa wanafunzi wetu darasani na kuwapeleka Bunkeya, mji wa Msiri, siku ile ambayo Bayeke hukumbuka kila mwaka kifo cha mfalme wao, yaani tarehe 20 Desemba. Makala haya si ripoti ya safari. Yanakusudia kuuliza swali moja tu: mtu anayekwenda kutafuta historia penye sherehe, anaikuta historia gani?

Desemba ni mwezi wa mvua. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi hatukupata taabu. Kutoka Likasi kuelekea Bunkeya lori letu lilikwama matopeni mara mbili, na wanafunzi waliokuwa wakijadiliana juu ya ngano na visasili walishuka kulisukuma. Bunkeya ya leo, iliyomo katika jimbo la Lualaba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, haimwonyeshi mgeni kwa urahisi kwamba hapo palikuwa na makao makuu ya dola. Na mgeni asisahau kwamba hapiti popote kabla ya kujitambulisha kwa Mwami. Sisi tulichelewa kufanya hivyo kwa nusu siku, tukakemewa kwa upole, na tulistahili.

Tukumbushe kwa ufupi yanayojulikana. Msiri, ambaye pia huitwa Ngelengwa Mwenda, alitoka Unyamwezi, nchi za Tabora, katika miaka ya 1850, akifuata njia ya biashara ya shaba ambayo baba yake Kalasa aliijua kabla yake. Kwa bunduki, kwa ndoa na kwa biashara alijijengea dola ya Garanganze juu ya nchi ya Basanga, Balamba na majirani wao. Shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa vilitoka Bunkeya kuelekea Benguela upande wa magharibi, na kuelekea pwani ya Waswahili upande wa mashariki. Mwaka 1886 alifika mmisionari Frederick Stanley Arnot. Mwaka 1891 Basanga waliasi. Mwaka huohuo, tarehe 14 Desemba, ulifika msafara wa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, aliyetumwa na Kampuni ya Katanga kwa faida ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Siku sita baadaye Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua. Naye Bodson alipigwa papo hapo, akafa kwa jeraha lake.

Haya yote mwanafunzi angeweza kuyasoma bila kuondoka Lubumbashi. Kitabu cha daktari wa msafara, Joseph Moloney, kilichapishwa tangu mwaka 1893, na ndani yake Msiri anachomoa upanga kwanza. Bunkeya husimuliwa vingine: mfalme aliuawa kwa hila, na kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa. Lakini hata tofauti hii ya masimulizi imekwisha kuandikwa. Lililotushangaza, sisi watu wa isimu, ni jambo ambalo halikuwa katika maneno yaliyosemwa, bali katika lugha zilizoyabeba.

Nyimbo za kumsifu mfalme zinaimbwa kwa Kiyeke, ndugu wa Kisumbwa kinachosemwa mpaka leo kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wimbo ukiisha, waimbaji wanageukiana na kuzungumza Kisanga. Vijana wengi waliokuwa karibu nasi waliimba maneno ambayo hawakuweza kutufasiria. Hotuba kwa wageni zilitolewa kwa Kifaransa na Kiswahili. Basi tulisimama katika uwanja mmoja tukisikia karne moja na nusu kwa wakati mmoja. Aliyeshinda kwa bunduki alishindwa kwa lugha: alioa wanawake wa nchi, nao wanawake wakawalea watoto kwa Kisanga. Kiyeke kilibaki pale panapohitaji heshima ya ukale, yaani katika wimbo, katika majina na katika vyeo. Hata cheo cha Mwami chenyewe, ambacho tunakikuta Rwanda, Burundi na Buha, kinaonyesha mahali walipotoka wageni hao.

Na Kiswahili je? Katika kurasa kama hizi tumezoea kusema kwa fahari kwamba lugha yetu ilifika Katanga pamoja na wafanyabiashara wa zamani. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alitupinga: kwake Kiswahili cha Katanga ni zao la siasa ya lugha ya wakoloni na la kambi za wafanyakazi, zaidi ya kuwa urithi wa misafara. Tunaona kwamba kwa jumla ana haki. Mji wa Msiri haukuwa mji wa Waswahili, na lugha iliyobaki midomoni mwa watu wake ni Kisanga. Lakini Bunkeya inatulazimisha kuongeza jambo lisilopendeza. Stairs aliajiri watu wake wengi Zanzibar. Msafara uliondoka Bagamoyo ukapitia Tabora, yaani ukaja kwa njia ileile aliyoijia Msiri mwenyewe. Wapagazi na askari waliosindikiza bendera ya Leopold walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Basi ikiwa tunataka kuuandika mwaka 1891 katika historia ya lugha yetu, tuandike pia ni upande gani wa bunduki lugha hiyo ilikuwa imesimama siku ile.

Hapa inafaa onyo dogo. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kulifasiri jina la Msiri kwa Kiswahili: msiri, mtu wa kutunza siri. Tulimwomba afute. Arnot aliliandika Msidi, na Dan Crawford, aliyefika Bunkeya mwaka 1890, aliliandika Mushidi. Mwenye kutafuta maana ya jina hilo aanzie matamshi ya wenyeji, asianzie kamusi yetu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sherehe ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa walio hai kuhusu wanavyotaka kukumbukwa. Katika yale tuliyoyasikia, kifo cha baba kilikaa katikati. Mwanawe Mukanda-Bantu alitajwa kama mrithi aliyeuokoa ukoo. Kwamba aliuokoa kwa kushirikiana na Dola ileile iliyomwua baba yake, na kwamba watu wake walipigana na Basanga upande wa Dola hiyo, hayo hayakutiliwa mkazo. Hatuwalaumu Bayeke. Hakuna ukoo unaowakusanya watoto wake siku ya msiba ili kuwahesabia deni. Kosa linakuwa letu tukirudi chuoni na daftari zilizojaa, tukasema: hii ndiyo historia ya Bunkeya.

Kwani kabla ya Bayeke nchi ilikuwa na wenyewe. Jioni ya mwisho, mzee mmoja aliyetusikia tukiulizana maswali kwa Kiswahili alimwita mwanafunzi wetu wa kike na kumwambia: «Mwanangu, umeandika jina la aliyeuawa na la aliyeua. Umeandika la mwenye udongo?» Alisema kwa Kiswahili, kisha akaendelea kwa Kisanga, kwa muda mrefu, na kati yetu sote ni wawili tu walioweza kumfuata. Chombo cha kunasia sauti kilikuwa kimekwisha moto tangu mchana, kwa kuwa tulikuwa tumekitumia chote kwa ngoma na hotuba.

Tumepanga kurudi mwezi wa Julai, barabara ikiwa kavu na uwanja ukiwa mtupu. Safari hii tutaanza kwa Mwami, kama inavyotakiwa, kisha tutakwenda vijiji vya Basanga, na wanafunzi wawili wanaojua Kisanga ndio watakaoongoza mahojiano. Walimu tutabeba daftari.