Juu ya nini tunazika wafu wetu nyumbani

Wageni wengi wakifika kwetu Ituri wanashangaa kukuta makaburi karibu na nyumba, mahali watoto wanachezea. Wenyeji hatuulizi tena sababu gani, ingawa sababu ziko.

Kwa Waalur wa Mahagi, mzee aliyekufa anaendelea kuhesabiwa katika ukoo. Anajengewa abila, kibanda kidogo cha wahenga, na magonjwa yakizidi nyumbani, mkubwa wa familia anakwenda kusema naye pale. Ukimzika mbali, nani atamsemesha? Ndiyo maana hata aliyefia mjini, ndugu wanachanga pesa kumrudisha kijijini.

Sababu ingine wazee hawapendi kuitaja mbele ya wageni: udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na mwenye kujua njia za ofisi aliweza kupata hati juu ya shamba ambalo wengine walikuwa wanalima tangu babu zao. Mlimaji asiye na karatasi ataonyesha nini? Anaonyesha kaburi. «Babu yangu analala hapa.» Ugomvi wa mashamba namna hiyo ulikuwa kati ya mambo yaliyowasha vita ya Djugu mwaka 1999.

Wambuti wa msituni wanafanya kinyume. Colin Turnbull, aliyeishi nao huko Epulu katika miaka ya 1950, alieleza kwamba kibanda kinaangushwa juu ya maiti na kambi inahama. Kwa maoni yangu, ni kwa kuwa hawana shamba la kulinda. Lakini kilio chao si kidogo: wanaimba molimo usiku baada ya usiku ili kuamsha msitu, maana kama ubaya umefika, basi msitu ulikuwa umelala.

Sasa tufikiri Bunia ya Mei 2003. Jeshi la Uganda liliondoka, wanamgambo wakapigania mji, watu kwa mamia wakauawa. Watu wa Msalaba Mwekundu waliokota maiti barabarani. Wengi walizikwa pamoja katika shimo moja. Familia zao zitakwenda kusemea wapi?

Halafu ikaja Ebola, Agosti 2018 mpaka Juni 2020, katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Watu 2.287 walikufa. Mambasa na Mandima wanaikumbuka vizuri. Mwili wa aliyekufa una virusi vingi sana, na kule kumwosha, heshima ya mwisho ya watu wake, ndiko kulikoambukiza. Kwa hiyo katazo lilikuwa la haki. Tatizo lilikuwa namna yake: watu waliovaa plastiki kutoka kichwa mpaka miguu, mfuko, klori, kwisha. Ndipo uvumi ukasambaa kwamba viungo vinauzwa, na wazikaji wakapigwa mawe. Kazi ilikuwa rahisi zaidi pale familia ilipoachiwa kusimama kwa mbali kidogo, kusali, na kusema yenyewe kaburi lichimbwe wapi.