Mtawanyiko wa Faili na Hatima ya Sauti Iliyonaswa

Mwaka 1989 kampuni ya Digidesign ya Marekani ilitoa Sound Tools, mtambo uliowezesha kompyuta ya Macintosh kunasa sauti moja kwa moja katika diski. Tangu hapo usalama wa sauti ulitegemea pia wepesi wa kichwa cha diski. Sauti yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja biti 16, katika mikondo miwili, hudai baiti 176,400 kila sekunde, nayo haingoji.

Diski iliyoandikwa na kufutwa mara nyingi hubaki na nafasi ndogo ndogo zilizotapakaa, na faili mpya hukatwa vipande ili izijaze. Kichwa hulazimika kurukaruka, na katika diski za zama hizo kila mruko ulichukua takribani milisekunde 10 au zaidi. Hifadhi ya muda ikifurika kabla kichwa hakijafika, unasaji hukatika. Neno la msimulizi likipotea hivyo, halirudi.

Kwa sababu hiyo mafundi walitenga diski ya sauti peke yake, wakaipanga upya kabla ya kazi. MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ilikuja na programu ya DEFRAG kwa ajili hiyo. Hata hivyo, kupanga upya ni kuhamisha. Umeme ukikatika, faili huweza kuharibika. Hapana budi nakala itangulie. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza mno adha ya mtawanyiko, wala hazikuliondoa sharti la nakala.